Chupa Namba Arobaini na Nane

Sehemu ya tisa

Nesi Dorcas akaichana ile bahasha.

Ndiyo, ileile niliyowaacha nayo wiki iliyopita ikiwa mkononi mwake, mlango wa ofisi ya Mradi wa Miguu Imara umefungwa kwa ndani, na Dokta Yeremia, mkuu wa mradi, hayupo. Bahasha ya namba 47. Namba ya marehemu mke wangu, Rebeka.

Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akapumua kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Baba, mshukuru Mungu. Dawa haikumuua mama."

"Unasemaje?"

"Mama alikuwa kwenye kundi la unga."

Kwa ninyi ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hamjalisoma, nawaeleza kwa kifupi. Mradi ulikuja Mwanza kujaribu dawa ya kuimarisha miguu ya wazee, tusiwe tunaanguka ovyo. Nusu ya wazee wanapewa dawa yenyewe. Nusu wanapewa kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na ukubwa, ila ndani ni unga mtupu. Mzee hajui kameza kipi. Nesi naye hajui. Siri inakaa kwenye bahasha, na nakala yake anayo Dokta peke yake. Wakubwa wanasema bila hivyo huwezi kujua kama dawa inafanya kazi au mtu anajisikia tu.

Rebeka alimeza miezi mitatu. Mapaja yakaanza kumuuma. Mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Figo zikagoma. Siku ya nne nikamzika.

Sasa naambiwa alikuwa anakula unga.

Sikumshukuru Mungu. Jasho lilinitoka mgongoni, la baridi, nikasema:

"Fungua na ya kwangu."

"Hairuhusiwi, baba. Ya marehemu inaruhusiwa. Wewe uko hai."

"Fungua."

"Nitafukuzwa kazi!"

"Na mimi kitanda changu sasa kinalala mtu mmoja. Fungua, Dorcas."

Akanitazama. Akafungua kabati. Akatoa bahasha namba 48, akaichana kwa kucha.

"Wewe ulikuwa kwenye dawa yenyewe," akasema. Halafu akatabasamu, maskini. "Ndiyo maana una nguvu, baba. Mzee wa miaka sabini na mbili bado unapinda rimu za baiskeli pale Igoma!"

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi hiyo chupa niliimeza wiki moja tu."

Tabasamu likafa.

Nikamweleza. Nilikuwa sijamweleza mtu yeyote, hata padri. Wiki ya kwanza nilimeza vidonge vyangu, nikapanda kilima cha Igogo bila kupumzika. Rebeka alimeza vyake, akawa anapanda ngazi mbili na kukaa. Nikajisemea, si unaona? Wakubwa ni walewale. Dawa nzuri wamempa mwanamume. Mwanamke mzee muuza dagaa wamempa takataka. Maisha yangu yote nimeona wakubwa wakigawa, na kila wakigawa, sisi wa chini tunapata makapi. Kwenye mbegu ni hivyo. Kwenye mbolea ni hivyo. Kwa nini kwenye dawa iwe tofauti?

Basi nikabadilisha. Yeye akawa anakula kwenye chupa yangu, mimi kwenye yake. Usiku alikuwa ananicheka. "Luhaga, siku hizi unanipenda mpaka unaninyima ugonjwa." Kila mwezi tulipokuja, kila mtu alirudisha chupa yenye namba yake, vidonge vikahesabiwa, vikatimia. Wakaandika sawa.

"Kwa hiyo mama..." Dorcas akaziba mdomo.

"Alikula dawa. Miezi mitatu. Dawa yangu."

Dorcas hakulia. Alifanya jambo lililonitisha kuliko kilio. Alikwenda moja kwa moja kwenye faili la Rebeka, kama mtu anayejua anachokitafuta, akatoa karatasi moja.

"Majibu ya damu," akasema. "Yalikuja wiki mbili kabla mama hajafa. Damu ya namba 47 ilionekana ina dawa. Mtu wa unga atakuwaje na dawa kwenye damu? Nilimpelekea Dokta. Ona alichoandika."

Mimi ni darasa la nne, lakini maneno matatu nayaweza. Kwa kalamu nyekundu ilikuwa imeandikwa: KOSA LA MAABARA. Chini, saini ya Dokta Yeremia.

Wiki mbili kabla, ndugu zangu! Wiki mbili mke wangu alikuwa hai, anapepeta dagaa uani, na karatasi iko hapa. Lingetumwa gari Igoma, angeulizwa swali moja tu: "Mama, unameza nini?" Hakuna aliyekuja. Mwenye kiti kikubwa akishaandika kosa, ni kosa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dokta alisema ni kosa! Na mimi kila mwezi nilikuwa namuuliza mama: unaumwa popote? Mkojo je? Alikuwa ananijibu 'mhola duhu, mwanangu.' Kila mwezi! Ningeandika nini?"

Kwetu Usukumani ndivyo tunavyojibu. Mhola duhu, amani tu. Mtu ndani anaungua, lakini ameulizwa hali na binti wa rika la mjukuu wake, tena kuhusu mkojo. Atasema nini? Amani tu. Na binti anaweka alama ya vema.

Dorcas akatazama saa ya ukutani. Rangi ikamtoka usoni.

"Baba. Leo ni Kamanga."

"Kamanga kuna nini?"

"Dokta amepeleka ripoti kwamba dawa haijamdhuru mtu hata mmoja. Wamemruhusu kuongeza. Saa nane mchana wazee wote wa Kamanga wanaanza kumeza viwili viwili."

Kamanga ndiko anakoishi Mhoja, mdogo wake Rebeka, tumbo moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshawishi ajiandikishe. Nilivuka ziwa kwa ajili hiyo, nikamwambia, shemeji, jiunge, mwenzio dada yako anatembea kama msichana.

Nikatoa simu. Nikapiga. Ikaita, ikaita, ikakata. Tangu msiba Mhoja hapokei simu yangu. Alitaka dada yake azikwe kwao, mimi nikamzika Igoma. Tukaachana pale kaburini bila kuagana.

"Chukua karatasi," Dorcas akasema, akanisukumia mkononi. "Nenda. Mimi nina watoto, siwezi kwenda. Lakini sikukupa mimi, umesikia, baba?"

Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikatoka mbio za mtu mzima, yaani kutembea kwa hasira.

*

Bodaboda ikanishusha kwenye kivuko geti likiwa linafungwa. Nikapenya. Mlinzi akanifokea, "Mzee, unakimbilia mke?" Nikamjibu, "Nimechelewa kwa huyo."

Saa saba na dakika kumi. Nusu saa majini. Ninawahi, nikajipa moyo.

Nikaegemea chuma, nikageuza uso nisipigwe na upepo. Ndipo nilipoliona.

Gari jeupe la mradi, lenye picha ya mzee anayetembea ubavuni. Nyuma limejaa maboksi. Kioo cha mbele kikashuka taratibu.

"Mzee Luhaga! Shikamoo."

Dokta Yeremia. Shati limenyooshwa, miwani myembamba, sauti ya kubembeleza mtoto.

"Marahaba."

"Njoo ukae humu, jua kali. Unakwenda wapi?"

"Kumsalimu shemeji."

"Vizuri sana. Na mbona umeshika kifua? Unaumwa?"

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umebana mfuko wa shati, wala sikujua umefika pale saa ngapi.

"Siumwi."

"Hakika? Maana Dorcas amenipigia simu sasa hivi." Akaondoa miwani, akaifuta kwa tai. "Amelia sana. Ni binti mzuri, ila mwoga. Ameniambia kila kitu."

Sikio langu likaanza kuvuma. Dakika ishirini tu zilizopita alinisukumia karatasi, sasa ameniuza! Lakini simlaumu. Aliyemtia hofu ndiye ninayemlaumu.

"Kama ameshakwambia kila kitu," nikasema, "geuza hayo maboksi."

"Kivuko hakigeuki katikati ya ziwa, mzee wangu." Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Wageni wanaotusaidia wanakuja wiki ijayo. Ripoti imeshakwenda. Kifo kimoja, tena cha mtu aliyekuwa anakula unga. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Imeandikwa uongo."

"Na uongo uliingizwa na nani?"

Nikatazama maji.

"Mimi nilimpa Rebeka chupa namba 47," akasema polepole, kama mwalimu anayesomesha wazito. "Dorcas alimpa 47. Karatasi aliyotia dole gumba inasema 47, usimpe mtu mwingine. Nani alimpa 48? Sema, mzee. Tuko wawili tu."

"Damu ilikwambia. Wiki mbili kabla."

"Maabara hukosea. Waume je?"

Upepo ukavuma. Kivuko kikapita kwenye lile jiwe kubwa linalokaliwa na ndege, na mimi nikaona bora ningekuwa mmoja wao.

"Nikusaidie," akaendelea. "Tunaunda baraza la wazee la mradi. Tunatafuta mwenyekiti, mtu anayeheshimika kama wewe. Nipe hiyo karatasi, yaishe."

"Sikupi."

"Sawa. Basi nenda nayo. Kasimame mbele ya Mhoja. Mwambie, dawa hii inaua. Atakuuliza, umejuaje? Na wewe utamjibu nini, Mzee Luhaga? Utamjibu kwamba dada yake alikufa kwa kidonge kilichotoka mkononi mwako." Akavaa miwani yake. "Mtu ambaye hata simu yako hapokei. Ukishamwambia hivyo, unadhani atasikiliza neno lako la pili?"

Kioo kikapanda.

Wasomaji, nimepigwa maishani. Nimepigwa na mgambo, nimepigwa na njaa. Sijawahi kupigwa kama pale. Kwa sababu yule mtu alikuwa amenifungia ndani ya chumba kisicho na mlango. Nikinyamaza, Mhoja anakufa. Nikisema, mimi ndiye muuaji, na muuaji hasikilizwi.

Kivuko kikagusa Kamanga. Nilifikiria kubaki humohumo, kirudi na mimi mjini. Nawaambia ukweli, nilifikiria.

Gari jeupe likashuka la kwanza, likaniachia vumbi.

*

Walikuwa wamekusanywa kwenye ghala la zamani la pamba. Wazee kama arobaini kwenye mabenchi, kila mmoja na kikombe cha maji. Nesi wa huko alikuwa amekwisha kugawa chupa mpya. Dokta Yeremia amesimama mbele, anatazama saa.

"Wazee wangu, mwadila!"

"Mwadila!"

"Hali zenu?"

"Mhola duhu!" wakajibu kwa pamoja, sauti ikagonga mabati.

Nywele zikanisimama.

"Toeni viwili," akasema. "Viwekeni kiganjani. Tutameza pamoja."

Nikamwona Mhoja, benchi la tatu, kitenge cha njano. Ana uso wa Rebeka kabisa, ila ulimi ni wake mwenyewe. Akaniona nikihema mlangoni.

"He! Shemeji!" akapaza sauti. "Umekuja kutafuta mke wa pili? Huku wote tumeshachakaa, rudi mjini!"

Wazee wakaangua kicheko. Dokta naye akacheka, macho yake yakiwa kwangu.

"Mhoja, usimeze."

"Kwa nini? Unataka niwe kilema nibebwe na baiskeli zako?"

"Usimeze. Dawa hiyo imemuua dada yako."

Kicheko kikakatika. Dokta alikunja mikono, akasubiri. Alijua swali litakalofuata. Na lilifuata.

"Dada alikuwa anakula unga," Mhoja akasema. "Dokta ametutangazia asubuhi kwa simu. Wewe umejuaje?"

Mlango haukuwepo. Basi nikapita ukutani.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyempa. Nilibadilisha chupa. Vyangu nikampa yeye, nikijua namsaidia. Alipoanza kuumwa mapaja nikamwambia ameze, ndiyo nguvu zinaingia. Mkono huu. Ukitaka kunizika naye, nizike, Mhoja, lakini kiganja chako kifungue, vidondoke chini."

Mhoja akasimama kwa kushika bega la jirani yake. Akaja mpaka mbele yangu. Nikafumba macho, nikingoja kofi. Nilikuwa nalistahili.

Kofi halikuja.

"Ulimpa vyako," akasema, sauti imeshuka. "Vyote? Hukuchanganya?"

"Kuchanganya?"

Akageuka kuwatazama wenzake. Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wamekodolea macho vikombe vyao, kama wanafunzi walioiba embe.

"Shemeji, sisi huku tulisema haifai mmoja ale dawa na jirani yake ale unga. Sote tumelima pamoja, tumezikana pamoja. Kila tukitoka hapa tunakwenda kwangu, tunamwaga chupa zote kwenye ungo. Nachanganya kwa mkono, nagawa sawasawa. Siku ya kurudisha, tunahesabu, kila chupa inajaa idadi yake."

Nilimtazama Dokta Yeremia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, shati lake lilikuwa limelowa.

"Miezi mitatu?" akauliza, sauti imekatika. "Kijiji kizima?"

"Miezi mitatu, Dokta. Hukutuuliza."

Hapakuwa tena na kundi la dawa wala kundi la unga. Bahasha zote kabatini zilikuwa karatasi tupu. Kila mzee aliyekaa pale alikuwa na fungu lake ndani ya mwili.

"Mhoja," nikanong'ona, "mimi ni shemeji yako, kwangu huna aibu. Mkojo wako ukoje?"

Akanivuta sikio karibu na mdomo wake, kama alivyokuwa akifanya zamani alipotaka kunitania.

"Tangu juzi," akasema, "kama kahawa."

Juzi. Rebeka alichukua siku nne.

Nikapanda juu ya benchi. Mimi, darasa la nne, sijawahi kuhutubia hata kuku.

"Wazee! Leo nawaomba msijibu amani. Nesi afumbe macho, vijana watoke. Nani anaumwa mapaja na anakojoa mkojo mweusi? Anyooshe mkono. Usiposema, tutakuzika."

Mkono haukunyooka hata mmoja. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha, benchi la nyuma, mkono mmoja mwembamba ukapanda. Wa pili. Mzee mmoja akamtazama mkewe, wakapandisha pamoja. Nikaanza kuhesabu, nikapotea, nikaanza upya.

Kumi na mmoja. Na Mhoja kumi na wawili.

"Dokta!" nikaita. "Gari! Wapandishe, tuwahi kivuko kabla hakijaondoka!"

Pale mbele alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu.

"Shemeji," Mhoja akasema chini yangu. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. "Miguu. Mbona siisikii miguu?"

Nikaruka kumdaka. Na wakati natua naye sakafuni, nikasikia nje mlango wa gari ukibamizwa na injini ikinguruma. Gari jeupe, gari pekee lililokuwepo Kamanga mchana ule, lilikuwa linashuka kuelekea majini, maboksi yaliyobaki yamo, na kiti cha nyuma hakina mtu.